Kabichi Zilizofuliwa

Mwanamke mmoja, mwenye pua kali kuliko watu wote wa mtaa wake, alipata kufua kabichi. Hakuziosha, maana kuosha kabichi ni jambo la kila jiko. Alizifua zikiwa bado zimesimama juu ya mizizi yake, kwa mabeseni mawili, sabuni ya unga na maji safi ya kusuuzia. Aliyeona alicheka, na asiyeona alisimuliwa. Siku hizi mwenyewe akikisimulia kisa hicho hucheka kabla ya wasikilizaji, kwa kuwa ameona ni heri achukue fungu lake la kicheko mapema wasije wakalimaliza.

Mtaani walimwita Mama Sabuni. Alikuwa dobi wa hospitali kubwa tangu akiwa msichana mwenye kiuno hadi alipostaafu akiwa na kiuno cha namna nyingine. Chumba cha kufulia kilijaa mvuke kama sufuria iliyofunikwa, na humo ndimo pua yake ilimopata elimu, maana elimu nyingine ilikuwa imeishia darasa la saba. Shuka likifika mikononi mwake alilinusa mara moja tu, akakwambia limetoka wodi ya wazazi au ya waliovunjika mifupa, na kama mgonjwa aliletewa chai au uji. Wauguzi wakataka kumuumbua. Wakampelekea shuka jipya, lililotoka stoo, lisilolaliwa na mgonjwa yeyote. Akalinusa, akalirudisha, akasema hili amelilalia karani wa stoo, tena baada ya chakula cha mchana. Karani aliposikia alitafuta kazi ya kufanya upande wa pili wa jengo.

Basi mtu aliyepewa pua ya namna hiyo hakosi kuota pembe. Mama Sabuni aliamini kwamba kinachonuka ni kichafu na kisichonuka ni safi, na hapo hapakuwa na mjadala. Sabuni haikuhesabiwa. Sabuni kwake haikuwa harufu, ilikuwa ndiyo usafi wenyewe unapita.

Kisa cha kabichi kilianzia bafuni. Asubuhi moja aliteleza akaanguka, na aliyemwangusha ni sabuni yake mwenyewe, ambayo alikuwa ameimwaga sakafuni kwa ukarimu asiokuwa nao kwa wageni. Nyonga ikakataa kuinuka. Kutoka pale alipolala hadi kwenye dirisha la wifi yake, dada wa marehemu mumewe, hapakuwa mbali hata kidogo. Uzio wa mbao tu ndio uliotenganisha nyua zao mbili, na sauti ya Mama Sabuni ilijulikana kuvuka nyua saba bila kupumzika. Lakini hakuita. Alikuwa amevaa gauni la kulalia lenye tundu kwapani, akaona ni afadhali afe na heshima yake kuliko aokolewe na tundu. Kama wifi yake asingeishiwa chumvi, na kama asingekuwa na tabia mbaya ya kuingia nyumba za watu bila hodi, sijui leo tungekuwa tunasimulia nini.

Habari zikamfikia kifungua mimba wake, fundi wa lifti aliyekuwa akiishi mji mwingine, ghorofa ya nane. Akapiga simu na kusema maneno ambayo bila shaka alikuwa ameyafanyia mazoezi na mkewe: mama afunge nyumba, ahamie kwao, chumba kipo. Mama akamjibu kwamba ghorofa ya nane hata nzi hufika akiwa hoi, sembuse yeye. Wakavutana. Nyumba ile aliijenga na marehemu tofali baada ya tofali, na hakuna kilichomtisha duniani kama kukalishwa kwenye kochi la mkwewe akiulizwa kila saa kama anasikia baridi. Mwishowe, kwa mdomo ule ule uliomponza maisha yake yote, akaweka sharti.

"Nitapanda tuta zima la kabichi," alisema. "Nitalima mwenyewe, nitatunza mwenyewe, asiniguse mtu hata kunishikia jembe. Ukija ukizikuta zimefunga vizuri, habari ya kuhama iishe. Ukikuta nimeshindwa, au nimesaidiwa, nifungie mizigo."

"Umesema mwenyewe, mama," mwanawe akajibu, na papo hapo akamwita mkewe aje asikie.

Ukimuuliza kwa nini kabichi, na si kitu chepesi kama mchicha, atakwambia kabichi ilionekana kwake kuwa mboga yenye adabu. Inajikunja yenyewe kama shuka lililopigwa pasi. Alidhani wataelewana.

Nyonga ilipopona, akapanga miche kwa kamba ya kuanikia nguo, mistari ikanyooka hata ungeweza kuitia rula. Palizi alifanya kwa vidole. Jani kavu likidondoka, halikukaa chini. Miche iliyobaki aliirusha juu ya uzio kwa wifi yake, kama mtu anayempa maskini makombo. Wifi aliichomeka popote penye nafasi, katikati ya vitunguu, giligilani iliyokwisha kuchanua, na magugu ambayo hakuna aliyejua majina yao. Wifi aliamini kwamba kazi haiishi hata ukiifanya, basi hakuona haja ya kuianza. Mama Sabuni alikuwa akichungulia juu ya uzio, anatazama ile fujo, anasikitika kwa furaha.

Nondo wadogo wa kijivu wakaja, kisha viwavi wembamba wa kijani, kisha matundu. Asubuhi moja alipoinama juu ya tuta akasikia harufu. Haikuwa harufu ya kabichi nzima wala ya kabichi iliyopikwa. Ilikuwa kali, mbichi, kama nyasi zilizokatwa sasa hivi na kutiwa haradali, na ilitoka pale pale majani yalipotafunwa. Mtu mwingine angesema hapa pana wadudu. Mama Sabuni akasema hapa pana uchafu, akaenda kuleta mabeseni.

Alizifua kwa utaratibu wa hospitali. Alianza na sabuni ya unga kwa sponji, jani kwa jani, juu na chini. Kisha alizisuuza. Mwisho akazinyunyizia dawa ya kulainishia nguo, ile yenye harufu ya maua ambayo hayajawahi kuota popote. Viwavi wengine walidondoka, na wengine walipanda tena jioni wakiwa wamekwisha oga. Kesho yake harufu ile mbichi ilikuwa imerudi, naye akarudia. Akawa anafua kila asubuhi, mgongo unauma, mikono imechujuka, moyo umejaa fahari.

Siku hizo nyigu walikuwa wakizunguka tuta. Wengine walikuwa wakubwa, wale wanaojenga chini ya paa, na wengine wadogo mno, weusi, kama uzi uliokatika kwenye sindano na kuota mbawa. Mama Sabuni hakutaka kujua wamefuata nini. Kiota cha wakubwa alikiangusha kwa ufagio mrefu, wenyewe wakamlipa kwa kumvimbisha sikio, na wadogo akawafukuza kwa kitambaa. Zaidi ya hayo, chini ya majani akaona vitu vidogo vyeupe kama punje za mchele zilizofungwa pamba. Akaamua ni mayai ya viwavi. Akavisaga kimoja kimoja kwa kidole gumba, akimhurumia kiwavi mwenye akili ndogo anayetaga mahali pa wazi namna ile.

Wifi yake naye alikuwa na starehe mpya. Kila asubuhi alileta kigoda chake hadi uzioni, na kikombe, akaketi.

"Wifi," akamuuliza siku moja, "leo unazianika juani au kivulini?"

"Fanya mzaha. Zako ziko wapi? Nitazionaje katikati ya msitu?"

"Zangu hazijafika daraja la kuoga, wifi yangu. Ila nikuulize jambo moja, usikasirike. Nguo nyeupe unazifua na za rangi pamoja?"

Watu waliokuwa wakipita njiani wakaanza kupunguza mwendo mbele ya ule ua. Mama Sabuni alijifanya hasikii, lakini sikio lililovimba ndilo lililosikia zaidi.

Na kabichi zilizidi kuharibika. Hilo ndilo lililomnyima raha. Kadiri alivyofua ndivyo zilivyotoboka, hata nyingine zikabaki mishipa mitupu kama chandarua. Mwanawe akapiga simu, akasema atakuja mwezi ujao mwishoni, na kwamba mkewe amekwisha kununua godoro la chumba kile. Hilo godoro lilimkaa kooni. Alipokata simu aliingia ndani, akaugusa ukuta wa chumba cha kulala kwa kiganja kana kwamba unaumwa, akatoka na kwenda kuongeza sabuni.

Siku ambayo bibi shamba alifika, hakuwa amekuja kwake. Bibi shamba alikuwa ofisa wa kilimo, msichana mpole mwenye viatu vya mpira, na alikuja kwa wifi, kwa sababu wifi alizungumza na kila apitaye mpaka apitaye akajikuta ameketi. Mama Sabuni akasikia kupitia uzio kabichi za wifi zikisifiwa. Akadhani masikio yamemdanganya. Akapanda juu ya ndoo kuchungulia. Mle katikati ya magugu, zikiwa na matundu mawili matatu kwenye majani ya nje, kabichi za wifi zilikuwa zimekaa mviringo, ngumu, zimenona kama mashavu ya mtoto wa tajiri.

Kabla hajashuka kwenye ndoo, bibi shamba alikwisha kumwona, akamsalimu shikamoo, akaomba aone na za kwake. Hapakuwa na pa kukimbilia. Mama Sabuni akamfungulia lango, na walipofika kwenye tuta akasema bila kupepesa macho kwamba yeye amepanda mbegu ya kigeni, ile inayotoka na matundu yake.

Bibi shamba alikuwa na malezi mazuri, hakucheka. Alichuchumaa, akanusa jani, akainua uso. "Bibi, mbona kabichi zinanukia kama nguo za mtoto?"

Basi Mama Sabuni akaeleza yote, beseni kwa beseni. Alipofika kwenye zile pamba nyeupe, bibi shamba alifumba macho kidogo, kama mtu aliyeonyeshwa ajali.

Alimfafanulia taratibu, na Mama Sabuni hakumkatiza, jambo ambalo wifi aliyekuwa uzioni alilishuhudia kwa mshangao. Jani la kabichi linapotafunwa na kiwavi hutoa harufu ambayo halitoi likikaa kwa amani. Wale nyigu weusi wadogo huifuata harufu hiyo, kwa kuwa wanajua ilipo yupo kiwavi. Nyigu akimpata humdunga na kutaga mayai ndani ya mwili wake, na watoto wakianguliwa humla kiwavi yule kwa ndani, kisha hutoka, na kila mmoja hujifungia kwenye kijifuko cheupe mpaka aote mbawa. Wale nyigu wakubwa wa kwenye paa nao huja kuwawinda viwavi, wakawakatakata na kuwapelekea watoto wao. Sabuni na manukato, alisema, huenda ndivyo vilivyowapoteza njia hao wadogo. Hawezi kuapa kwamba ni hivyo tu, maana shamba lina mambo mengi. Lakini hivyo vijifuko, kwa hakika, havikuwa mayai ya adui.

"Kwa hiyo kabichi ilikuwa inaita," Mama Sabuni akasema.

"Unaweza kusema inapiga yowe, bibi. Kwa harufu."

"Nami kila asubuhi naja na sponji kuiziba mdomo."

Bibi shamba akatazama viatu vyake.

"Na waliosikia wakaja kusaidia, nikawapiga ufagio. Na watoto wao nikawasaga kwa hiki kidole." Akakinyoosha kile kidole gumba, akakitazama kana kwamba ni cha mtu mwingine. Kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa juu ya beseni lililopinduliwa, na wifi uzioni akacheka, na bibi shamba aliyekuwa amejizuia muda wote akaachia.

Lakini mgeni alipoondoka, kicheko kilikata. Alibaki amekaa juu ya lile beseni. Akawaza kwamba mboga isiyo na mdomo, isiyo na darasa hata moja, ilipoumia iliita, ikawaita hata wasiokuwa ndugu zake. Yeye aliyekuwa na mdomo uliosifiwa mtaa mzima alilala sakafuni ameubana kwa ajili ya tundu la kwapa. Hakuna aliyemwambia hayo. Alijiambia mwenyewe.

Kuacha kufua kulimshinda kuliko kufua. Asubuhi ikifika mikono ilimwasha, ikabidi aipe kazi nyingine. Akafua mapazia, akafua mifuko ya kuhifadhia mapazia, akafua hata kamba ya kuanikia. Harufu ile mbichi ikawa inampanda puani, naye anaivumilia kama mtu anayesikiliza mtoto wa jirani akijifunza kupiga tarumbeta. Nyigu hawakuja upesi. Alikuwa amewafunza kwamba pale ni pabaya, au hivyo ndivyo alivyowaza. Wakati huohuo viwavi walikuwa hawapumziki, na godoro la ghorofa ya nane lilikuwa likimsubiri.

Dawa ilikuwa ng'ambo ya uzio. Majani ya nje ya kabichi za wifi yalijaa vile vijifuko vyeupe. Angeyapata machache akayaweka kwenye tuta lake, nyigu wangetokea hapo hapo nyumbani. Lakini kuyapata kulikuwa ni kuomba, na kuomba kulikuwa ni kusaidiwa, na kusaidiwa kulikuwa ni kushindwa kwa sharti alilojiwekea mwenyewe. Alizunguka tuta nusu siku. Wifi alikaa kwenye kigoda chake akimtazama anavyozunguka, akijua fika, akinywa chai.

"Wifi," hatimaye Mama Sabuni akasema.

"Naam."

"Hayo majani yako mabovu. Si unayatupa?"

"Situpi kitu mimi. Unanijua mvivu."

"Naomba machache."

"Upepo, wifi. Sijakusikia."

Hapakuwa na upepo hata wa kutikisa nywele. Mama Sabuni akavuta pumzi. "Nisaidie, wifi."

Wifi akaweka kikombe chini. Alikuwa amelisubiri neno hilo tangu siku Mama Sabuni alipoletwa bi harusi nyumbani kwa kaka yake akiwa na sanduku lililojaa sabuni, na alikuwa ameandaa majibu mengi. Yote akayaacha. Alichuma majani, akaja nayo mwenyewe kwa kuzunguka barabarani, akampa yote, kisha wakayapanga pamoja chini ya kabichi, wakisukumana viwiko na kubishana jani lipi lielekee wapi.

Nyigu walitoka. Walikuwa wadogo kiasi kwamba Mama Sabuni alilazimika kuvaa miwani ya kusomea ili awaombe radhi. Kabichi nyingine zilikuwa zimekwisha kufa, hizo akazing'oa. Nyingine zilianza kutoa majani mapya moyoni, yakajikunja, yakakaza. Hazikuwa nzuri. Kwa nje zilionekana kama zilipigana vita na kushinda kwa taabu, ila ndani zilikuwa nzima.

Mwanawe alifika akiwa amefunga vifungo vyote vya shati mpaka kooni, kama afanyavyo akijiandaa kwa mazungumzo magumu. Akaenda moja kwa moja kwenye tuta. Akazibonyeza kabichi kwa vidole kama anavyobonyeza vitufe vya lifti, moja, nyingine, nyingine tena. Shangazi yake alikuwa amesimama pembeni, na kwa mara ya kwanza katika kumbukumbu za ukoo alikuwa kimya. Kijana akafungua kifungo kimoja cha shati.

"Mama, zimefunga," akasema. "Nimekubali. Umeshinda."

Mama angeweza kunyamaza tu. Shangazi mtu alikwisha amua kunyamaza, nyigu hawasemi, na kabichi zilikuwa zimekwisha sema yao. Mama Sabuni alilisikia lile neno "umeshinda" likimpitia mwilini kama maji ya moto siku ya baridi. Akalifurahia kidogo, kisha akalirudisha kwa mwenyewe.

"Sikushinda. Nimesaidiwa."

"Na nani?"

"Na shangazi yako. Na nyigu. Na msichana mmoja wa viatu vya mpira. Mimi peke yangu nilizifua tu."

Ikabidi aelezwe habari ya kufua, na alipoelezwa alicheka mpaka akashika kiuno, shangazi yake akimwongezea yale ambayo mama mtu aliyaruka. Alipopata pumzi akafuta macho, na uso ukarudi kuwa wa kazi. Akasema kwa upole kwamba basi, kwa sharti la mama mwenyewe, safari ipo.

"Sharti nililiweka vibaya," mama akasema. "Niliweka sharti la kukaa peke yangu, na kumbe hilo ndilo lililokutia hofu. Wewe hukuogopa nyonga yangu, mwanangu. Uliogopa kwamba nilianguka nikanyamaza."

Mwanawe akainama. Akaokota kipande cha jani kilichotoboka, akikigeuza geuza.

"Sasa nitaita."

"Utamwita nani?"

Akaonyesha kwa kidevu. Wifi akaanza palepale kueleza kwamba yeye ana usingizi mzito, na magoti yake hayapendi kuharakishwa, na kwamba hakuna aliyemuuliza. Halafu akasema kitakachomchelewesha ni kuzunguka barabarani hadi langoni. Hilo la barabara lirekebishwe, mengine yatajulikana.

Kijana akatazama uzio, akawatazama wale wanawake wawili, akaomba nyundo. Akasema atampigia mama simu kila jioni, na siku asipopokea, au shangazi akisema mama ameficha hata mafua, atakuja na gari la mizigo bila kuuliza. Mama akakubali. Kisha akamwambia nyundo haishikwi hivyo, na mbao azing'oe kuanzia chini, na misumari asiiache kwenye nyasi.

Mbao ziliondoka moja baada ya nyingine. Ya mwisho ilipoanguka, ua wote wa wifi ukafunguka mbele ya mama bila kizuizi: magugu, ndoo iliyopasuka, kamba yenye nguo zilizoanikwa tangu juzi zikiwa zimegeuzwa nje ndani, na vyombo vya jana kando ya bomba. Harufu yake ikamjia moja kwa moja. Mama Sabuni akafungua mdomo. Wifi akaweka mikono kiunoni, akangoja.

"Karibu, wifi," Mama Sabuni akasema, na ilimchukua nguvu zote alizokuwa nazo.